Nani Ana Haki ya Kuniambia "Usiwaze Sana"?

Hapa kambini kuna dawa moja ambayo haijawahi kuisha. Haingoji rufaa, haingoji kibali cha kutoka, na hakuna anayeipangia foleni. Ukisema tumbo linauma, unapewa. Ukisema hulali usiku, unapewa. Jirani anayo, pasta anayo, mhudumu wa zahanati anayo, na siku hizi hata watoto wanayo. Dawa yenyewe ni maneno mawili: "Usiwaze sana." Kwa Kiswahili chetu cha Fizi na Uvira tunasema, "Usiwaze mingi, yaya." Mashirika nayo yana jina lao, refu kidogo: kupunguza msongo wa mawazo.

Mimi sina ugomvi na dawa hiyo. Ninaitumia kila siku, na mbele nitaeleza ninavyoitumia. Swali langu ni juu ya namna inavyogawiwa. Je, ni halali kumwambia mtu mwenye ugonjwa usiopona atulize mawazo yake, wakati kinachomfanya awaze bado kiko palepale, mlangoni pake? Na kama ni halali, nani mwenye haki ya kumwambia?

Swali linanihusu. Huu ni mwaka wa tisa naishi na ugonjwa wa utumbo mpana. Miaka miwili ya kwanza nilitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha minyoo, kisha amiba tena. Wengi hapa wanaijua njia hiyo. Mwishoni nilipata rufaa, nikaingizwa kamera mjini, na daktari akaniambia kitu chenyewe ni nini: utumbo mpana una uvimbe na vidonda ambavyo havikuletwa na mdudu wala na chakula kichafu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inaushambulia. Ugonjwa unaweza kulala miezi, halafu ukaamka. Hauambukizi. Dawa za kuutuliza zipo, kidonge cha kuumaliza hakipo.

Magonjwa ya ukoo huu ni zaidi ya moja. Kuna huo wangu. Kuna ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932. Huo unaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, kuanzia kinywani mpaka mwisho. Halafu kuna utumbo ambao kila kipimo kinauona mzima, lakini unakata, unajaa gesi, leo unafunga, kesho unaharisha. Mwenye huo wa tatu ndiye anayeonewa zaidi, kwa sababu karatasi ya vipimo ikirudi safi, watu wanaanza kusema anajifanya. Hajifanyi. Maumivu ni ya kweli. Kilichoharibika ni mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Sisi wa aina zote tatu hatujuani kwa majina, lakini tunakutana mahali pamoja: kwenye mulongo wa choo, saa kumi ya usiku, kila mtu na tochi yake.

Tuanze na lililo kweli ndani ya "usiwaze". Kwamba tumbo na mawazo ni majirani, Kiswahili hakikungoja maabara. Mtu mwenye hofu tunasema yuko tumbo joto. Wanasayansi wameongeza maelezo tu. Katika kuta za njia ya chakula kuna mamilioni na mamilioni ya chembe za neva, mtandao mzima unaoweza kuendesha kazi nyingi za utumbo bila kungoja amri ya ubongo. Neva moja ndefu inaunganisha huko chini na kichwa, na sehemu kubwa ya habari zinazopita humo zinapanda, zinatoka tumboni kwenda kichwani. Kwa hiyo njia ni ya pande mbili. Hofu inachafua tumbo, na tumbo lililochafuka linaleta hofu. Mwenye ugonjwa huu hahitaji kufundishwa hilo. Usiku wa kuamkia siku ya mgao, utumbo wake unajua tarehe kabla yake.

Kuna mtu aliyeliona jambo hili kwa macho, na kisa chake kinawafaa hasa wale wanaofanya kazi ya kutusaidia. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac kule Marekani, kijana mchukuzi wa biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaona nafasi. Akawa anafunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, anavitumbukiza ndani kupitia tundu lile, anavitoa baada ya muda, anaandika. Aliendelea hivyo kwa vipindi kwa miaka, na mwaka 1833 akatoa kitabu. Kati ya mambo aliyoyaandika ni kwamba kijana akikasirika, kazi ya tumbo inavurugika.

Ni ugunduzi mkubwa, sikatai. Lakini mfikirie kijana mwenyewe: maskini, hajui kusoma, amefungwa kwa mkataba wa kumtumikia daktari, na tumbo lake ndilo ubao wa kuandikia. Daktari aliipima hasira vizuri sana. Sehemu ya sababu ya hasira ilikuwa imesimama mbele ya mgonjwa, imeshika uzi. Kila nikiletewa fomu inayouliza ni mara ngapi wiki hizi mbili nimejisikia sina raha, namkumbuka St. Martin. Fomu inapima. Haina mstari wa kuuliza raha ilikwenda wapi.

Sasa tuone upande wa hatari. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wenye mawazo mengi. Wagonjwa waliambiwa wapumzike, wanywe maziwa, wasikasirike. Mwaka 1982 Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakampata bakteria anayeishi tumboni, Helicobacter pylori. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi vya aina hiyo vinatibiwa kwa antibiotiki za siku chache pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Hebu wahesabu, kama unaweza, watu walioambiwa "usiwaze" huku wakihitaji vidonge.

Ugonjwa wangu nao ulipitia huko. Katikati ya karne ileile, daktari wa akili wa Chicago, Franz Alexander, aliuweka kwenye orodha ya magonjwa saba aliyoyaona yana mzizi katika migogoro ya moyoni. Maana yake, mgonjwa aliyekuwa anatokwa damu alikuwa pia anachunguzwa tabia, na mama yake pengine anachunguzwa malezi. Leo madaktari wanasema hivi: msongo wa mawazo hauuanzishi ugonjwa huu, ila unaweza kuuchochea, na kwa hakika unaufanya uwe mzito zaidi kuubeba. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili. Ukisema mawazo yanauchochea ugonjwa, unanipa kitu cha kushika. Ukisema ugonjwa ni mawazo tu, umeninyang'anya vipimo, dawa na heshima kwa pamoja. Neno lenye sumu katika sentensi hiyo ni dogo sana: "tu".

Na hapa kambini sumu hiyo ina ndugu yake. Mtu anayeshinda chooni na kukonda anasemwa. Wengine wanasema ana kile kirusi, wengine wanasema ni kipindupindu na wanawaita watoto wao ndani, wengine wanasema amelogwa huko alikotoka. Kwa hiyo "ni mawazo tu" mara nyingine inasemwa kwa upendo, ili kumwokoa mtu na hayo mengine. Naelewa. Lakini upendo nao unatakiwa kujua unachosema.

Basi mafunzo yenyewe yanasema nini? Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo kwa watu wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida yalikuwa yamewafikisha mwisho wake. Njia aliichukua katika kutafakari kwa Wabudha, akaacha dini yenyewe kando. Mtu anafundishwa kukaa na pumzi yake, kuupitia mwili wake kipande kwa kipande, kuona kinachotokea sasa hivi bila kukihukumu na bila kukikimbia.

Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilishangaa, kwa sababu mafunzo yale hayasemi "usiwaze" hata kidogo. Yanasema: ona kwamba unawaza. Hayasemi maumivu hayapo. Yanasema: yaangalie yalipo, usiyaongezee. Kati ya maneno hayo na dawa yetu ya kila siku kuna umbali kama wa hapa mpaka Bukavu. Anayeniambia nisiwaze anataka nizime taa. Mafunzo yale yanataka niiwashe.

Yanasaidia? Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa utumbo unaonyesha kwamba wengi wanaofuata njia za namna hii hofu yao hupungua na siku zao huwa na nafuu. Kwamba inafunga vidonda vya utumbo, hilo halijathibitishwa, na mtu akikuahidi hivyo usimsikilize. Na wasiseme kuwa ni kitu cha Wazungu wenye nafasi. Katika makazi ya Rhino, Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya aina hii yaliyotengenezwa na WHO: vipindi vitano vya sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, kitabu cha picha, na waongozaji ambao si madaktari. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Baada ya miezi mitatu, walioyapata walikuwa na mateso ya moyo machache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Hawa ni watu kama sisi, chini ya maturubai kama yetu.

Kwa hiyo dawa ni ya kweli. Swali la nani aigawe bado liko palepale.

Mwanafalsafa Epictetus alizaliwa mtumwa, karibu mwaka 50 baada ya Kristo, upande ambao leo ni Uturuki. Mguu wake ulikuwa mlemavu. Baadaye aliachwa huru, akafundisha Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mjini. Akaenda Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule ugenini. Kwa hiyo ni mwenzetu. Fundisho lake kubwa ni kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwetu, kama vile maoni yetu na tunayoyataka, na kuna yasiyo mikononi mwetu, kama vile mwili, mali na cheo. Mwenye hekima anashughulika na yale ya kwanza.

Likitoka kinywani mwa mtumwa, fundisho hilo ni uhuru. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu anagundua kona moja ambayo hakuna aliyeifikia. Sasa likitie kinywani mwa bwana wake: "Mguu wako hauko mikononi mwako, wewe tulia." Maneno ni yaleyale, lakini yamegeuka matusi. Ndiyo maana naona ukweli wa maneno hautoshi. Inabidi tuangalie pia msemaji amesimama wapi.

Je, ina maana mgonjwa peke yake ndiye mwenye haki ya kusema "tulia"? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kuna siku nakubaliana nao kabisa. Lakini tukishika hilo mpaka mwisho, daktari mzima hatakuwa na la kumwambia mgonjwa, na mke wangu itabidi anyamaze. Nadhani jibu liko kwenye machela. Kule kwetu milimani, mgonjwa anabebwa kwa machela, wanaume wanapokezana, saa nyingi mpaka kufika zahanati. Wale waliobeba wanamwambia, "Vumilia kidogo, tunakaribia," na mgonjwa anapata nguvu kweli. Mtu anayetembea kando mikono mitupu akisema hayohayo, hata mgonjwa anageuza uso. Mwenye haki ya kuniambia nitulie ni yule ambaye bega lake liko chini ya mti wa machela.

Na mzigo wenyewe ni nini? Kiswahili kimeuita vizuri: haja. Tunasema kwenda haja, haja kubwa, haja ndogo. Haja ni kitu ambacho mtu hawezi kukikosa. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada yanavifuata, vinataka choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyumbani. Hata pale vinapofikiwa, vilihesabiwa kwa mtu mwenye tumbo zima. Watu 20, kila mmoja dakika 5 asubuhi, ni dakika 100. Mwenye ugonjwa ukiamka anaweza kwenda mara 8 au 10 kwa siku, na akiitwa hana dakika 100, hana hata 2. Kama ni mwanamke na ni usiku, ongeza giza na watu wanaotembea gizani. Huyo ndiye tunamwambia asiwaze.

Halafu kuna siku ya mgao. Unakaa kwenye mstari kwa saa nyingi, choo kiko mbali, na ukitoka umepoteza nafasi. Niwaambie tunavyofanya sisi: hatuli tangu jana yake mchana. Yaani ili nipate chakula, ninafunga kula. Na unachopokea ni unga wa mahindi na njegere, ambazo kwa matumbo mengi ya aina yetu ni gesi na mikato. Unakula kwa sababu ndicho kilichopo. Msongo wa mawazo wa mtu huyu hautoki kichwani. Unatoka kwenye ratiba.

Msiseme nadai makubwa. Mwaka 2005 jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria kwamba mtu mwenye ugonjwa wa namna hii akiomba choo cha wafanyakazi dukani, asinyimwe. Ilitokana na msichana mgonjwa wa Crohn aliyenyimwa choo dukani akaaibika mbele za watu. Nchi tajiri, yenye hospitali za kila aina, iliona kwamba pumzi na vidonge havitoshi, mpaka mlango mmoja ufunguliwe. Na mlango unapofunguliwa, hofu inapungua bila hata somo. Mgonjwa anayejua choo kipo anakihitaji mara chache zaidi.

Hapa hatuna haja ya bunge. Kwenye bomba la maji, sote tunakubali bidoni lisimame kwenye mulongo kwa niaba ya mwenye bidoni, hakuna anayelisukuma. Kwa nini kwenye mgao mfuko usisimame kwa niaba ya mgonjwa? Kikaratasi cha zahanati chenye mhuri, kisichotaja ugonjwa, kinachosema tu mtu huyu aruhusiwe kutoka na kurudi mahali pake, kingegharimu karatasi. Kaya mbili zilizo karibu na choo zikikubaliana kwamba kufuli lisifungwe usiku, inagharimu neno. Dawa ni gharama zaidi, najua. Lakini salfasalazini, mojawapo ya dawa za zamani za ugonjwa wangu, imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Ikikosekana miezi mitatu, hakuna pumzi itakayokaa mahali pake.

Nimesema ninaitumia dawa ya utulivu. Hivi ndivyo. Kabla hakujapambazuka nakaa kwenye kigoda, miguu mitupu juu ya ardhi. Navuta pumzi kwa puani nikihesabu mpaka 4, natoa polepole nikihesabu mpaka 6, na naacha tumbo lipande na kushuka lenyewe. Kisha naupitia mwili kuanzia nyayo. Nikifika tumboni siruki. Najisemea: maumivu yako kushoto, chini, yanakuja kama wimbi la ziwa, sasa yanarudi. Na wazo likija, nalipa jina: hii ni hofu ya mstari; hii ni aibu ya mwaka juzi. Dakika 10 zinatosha. Kwenye foleni nafanya fupi: nasikiliza nyayo, natafuta vitu vitatu vya kutazama, sauti tatu za kusikia. Nimejifunza kutenganisha mkato wa tumbo na hadithi inayoufuata, "nitaaibika, watanicheka". Mkato unadumu sekunde kadhaa. Hadithi ndiyo iliyokuwa ikidumu siku nzima. Kuna siku haifanyi kazi kabisa, na siku hizo sijilaumu.

Kwa atakayejaribu, mambo matatu. Kwanza, wengi wetu tumeona vita, na ukifumba macho mambo yale yanaweza kurudi. Basi usifumbe. Tazama mti, tazama mkono wako, na ukiona moyo unaenda mbio acha, tembea, ongea na mtu. Pili, damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, au tumbo linalokuamsha usiku ni mambo ya zahanati, siku hiyohiyo, na dawa uliyopewa usiiache kwa sababu umejisikia mtulivu. Tatu, wapo wanaouliza kama hii ni dini ngeni. Pumzi Mungu alimpa kila mtu. Mkristo anaweza kuhesabu pumzi zake kisha akasali, na Mwislamu kabla ya alfajiri vilevile. Hakuna anayemwabudu mtu kwa kukaa kimya.

Inabaki hoja moja, ya vijana wetu, na si hoja ndogo. Wanasema: mkimfundisha mkimbizi kutulia, mnamfundisha kunyamaza. Nani atadai choo kama wote wanahesabu pumzi? Ninawajibu kwa nilivyoona. Mtu aliye tumbo joto anadai kwa kelele, na anaandikwa "msumbufu". Tangu nianze kuangalia kwa utulivu, mimi ninahesabu: hatua kutoka mlangoni mpaka chooni, siku ambazo dawa haikuwepo, mara nilizotoka kwenye mstari. Nina daftari. Kukaa na kilichopo bila kukikimbia ni pamoja na kukaa na choo kilichojaa na kusema kimejaa. Anayefundisha umakini wa pumzi halafu hataki nione shimo la choo, hajafundisha umakini.

Kwa hiyo nasimama hapa: utulivu ni haki ya mgonjwa, kama vidonge na kama choo. Usifanywe sharti la yeye kuhudumiwa, wala malipo badala ya vile vilivyokosekana. Ndugu zangu wa mashirika, vipindi vya kupumua viendelee, tena kwa lugha zetu na kwa sauti za watu wetu. Ila kabla ya kumwambia mtu avute pumzi, muulizeni: choo chako kiko umbali gani, jana ulikula nini, mara ya mwisho ulipimwa lini? Yaandikeni majibu kwenye fomu ileile. Na wewe mwenzangu wa saa kumi ya usiku, mtu akikuambia "usiwaze mingi", usimgombeze. Mkaribishe akae, mweleze siku yako ilivyo tangu asubuhi, halafu umuulize upande gani wa machela ataushika.